Sikio la Bi Harusi

Tangu nimerudi kutoka mjini hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza hali ya mgonjwa. Kahawani, msikitini, mtoni, swali ni lile lile: "Mzee Hamisi, sikio liko wapi?" Nimejibu mpaka koo limekauka. Na nikianza kueleza, sijafika hata Mkuyuni, mtu anadakia na habari za ng'ombe wa marehemu baba yake. Kwa hiyo nimekaa naandika. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo ndefu kuliko masomo, basi mwandiko mtauvumilia. Mwenye macho amsomee asiye na macho. Atakayedakia katikati, msomaji anyamaze mpaka adabu imrudie.

Habari za malipo na makaratasi siandiki. Hizo hazimfurahishi mtu.

Kabla hatujaondoka

Bi Harusi mnamjua. Ni yule mbuzi wangu wa maziwa, mweupe pepepe, ndiyo maana akaitwa hivyo, masikio yake kwa ndani mekundu-mekundu kama ulimi wa paka. Na mnajua kwa nini namtunza. Mke wangu Mwanahawa ana vidonda vya tumbo, na mwaka huu vimemkaba. Chakula kikiingia kinarudi. Kinachokaa ni uji uliopikwa kwa maziwa ya Bi Harusi, basi. Mbuzi huyu akiondoka, sijui mke wangu atashika nini. Lijueni hilo, maana kuna watu hapa walimtazama wakaona mishikaki tu.

Alianza na kitu kidogo kwenye ncha ya sikio la kushoto, kama punje ya mtama. Akapita yule muuza dawa za mifugo anayetembea na begi siku za gulio. Hakumshika mbuzi hata mgongoni. Akasema, "Kinyama tu hiki," akatoa wembe, akakata, akaondoka anapiga mluzi. Mimi nikakiokota kile kinyama nikakifukia kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Ndivyo nilivyolelewa: kilichotoka mwilini hakitupwi hovyo. Kitovu kinafukiwa, kucha zinafukiwa, nywele za mtoto zinafukiwa. Mgomba wenyewe umezaa vizuri tu.

Mvua moja haijaisha, kile kitu kikarudi. Safari hii kikaja kama fenesi changa, kina vipele juu, kinatoa maji, nzi hawabanduki. Hapo ndipo kila mwenye mdomo akawa daktari. Mmoja akasema jipu. Mwingine akasema kupe kaingia ndani. Jirani yangu mmoja, jina namfichia, akamwambia Mwanahawa kwamba akiendelea kunywa maziwa yale uvimbe utamtoka yeye shingoni. Mke wangu akaacha uji siku hiyo hiyo. Mnaona maneno ya watu yanavyoua? Hakuna aliyemgusa mbuzi. Wanasimama kule, wamejishika kiuno, wanatoa hukumu.

Lakini aliyenichefua zaidi ni mpwa wangu Shabani. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye anayekufuata, mali ya mjomba ni ya wapwa, sawa, mila naijua kabla yeye hajazaliwa. Lakini mpwa anarithi mjomba akishakufa! Shabani yeye anaanza mapema. Akaja, akakaa kwenye kigoda changu, akasema:

"Mjomba, huyu mbuzi maiti. Tumchinje Idi hii kabla hajawa mzoga, hasara tupu."

Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri. Kesho yake nikasikia kwa masikio yangu, nikiwa natawadha nyuma ya msikiti, Shabani anamwambia mwalimu wa msikiti: "Mwaka huu nami natoa udhhia ya Idi. Mbuzi yupo, mweupe, mzima kabisa, ana kachunusi tu kwenye sikio."

Hebu niambieni. Kwangu mbuzi ni maiti, kwa mwalimu mbuzi ni mzima. Mbuzi mmoja, mdomo mmoja! Na thawabu apate yeye, na mbuzi ni wangu! Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia Mwanahawa, "Namshusha mjini, akatazamwe na mtu aliyesoma magonjwa ya wanyama. Akisema anakufa, nitamchinja mwenyewe kwa mkono wangu. Akisema hafi, hafi."

Mwanahawa akasema, "Na wewe unavyoumwa magoti?"

Nikasema magoti hayana masikio.

Kushuka hadi barabarani

Mnaijua njia ile ya kwetu, na mnajua mvua ilivyoichimba. Nilimfunga Bi Harusi kamba, sikioni nikamvisha kitambaa cha kanga kuukuu ya Mwanahawa kuzuia nzi. Anashuka huku anachuma majani ya watu pande zote mbili, mimi nashika fimbo kwa mkono huu na kamba kwa mkono ule.

Yule kijana wa bodaboda akasema tumfunge miguu tumlaze kwenye tangi kama mkungu wa ndizi. Nikamuuliza, bibi yako akiumwa unamfunga miguu? Akacheka, akaondoka.

Njia nzima ikawa shikamoo mzee, marahaba, unampeleka wapi, hospitali, ha! Halafu neno lile lile: chinja. Mzee Filipo wa pale misheni, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa anaanua karafuu zake kwenye mkeka. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Hamisi, kansa hiyo. Chinja."

"Umejuaje kansa?"

"Kaka yangu alikuwa na kitu kama hicho."

"Kwenye sikio?"

"Kwenye mguu."

Nikamwambia Filipo, wewe ni Mkristo mwema, lakini mguu wa kaka yako usinichinjie mbuzi. Akanipa mihogo ya kuchemsha na chai ya mdalasini, nikanywa, nikamsamehe. Naye wakati naondoka akaniita: "Lakini ukichinja, usitusahau huku misheni!"

Juu ya ndizi

Tulipata lori la ndizi linalokwenda Dodoma. Mwenye mzigo ni Mama Zuhura, mwanamke mnene mwenye sauti, ananunua ndizi Matombo yote, wengi mmemwuzia na mmemlalamikia. Alikubali kunibeba kwa sababu nilimtaja mama yake. Dereva alikuwa Mnyamwezi, na mara tu alipojua mimi ni Mluguru, ilikuwa balaa, maana wale ni watani zetu.

"Haya Mluguru! Kati yako na mbuzi, nani anampeleka mwenzake hospitali?"

"Tunakupeleka wewe, Mnyamwezi, kichwa chako kina uvimbe tangu mlipoacha kubeba mizigo ya Waarabu."

"Mtani, ukifia njiani mimi ndiye nitakayekuzika, na ujira wangu ni huyo mbuzi. Mila inasema."

"Mila inasema mtani hachagui. Utachukua viatu vyangu."

Watu wote walicheka, na mimi nilicheka, kwanza. Tukakaa juu ya mikungu, mimi, Bi Harusi na wanawake wawili waliobeba nanasi. Kabla ya Mkuyuni, kwenye ule mteremko wenye udongo mwekundu, lori likazama. Likakaa. Tukateremsha ndizi zote, mikungu yote, tukaipanga kando ya barabara, na jua linapanda. Mama Zuhura akamtupia mbuzi wangu jicho.

"Mimi nasafiri njia hii tangu msichana. Sijawahi kuzama hapa. Leo nimebeba mbuzi mwenye mkosi, nimezama."

"Mama Zuhura, mvua imenyesha wiki nzima."

"Mvua inanyesha kila mwaka, Mzee Hamisi."

"Na barabara mbovu kila mwaka! Mbona hukumlaumu mbuzi mwaka jana?"

Hapo sauti yangu ilipanda, nakiri. Barabara inaharibika, watu wanamtazama mbuzi! Ahadi za barabara hii tumezisikia tangu ndevu zangu nyeusi, lakini aliyeahidi hana sikio linalotoa maji, basi hakuna anayemnyooshea kidole.

Wale wanawake wa nanasi waliwasha moto wakachoma ndizi mzuzu, tukala na chumvi. Bi Harusi naye akala maganda, na alipoona hayatoshi akala ukindu wa kikapu cha Mama Zuhura. Mbuzi anayekufa anakula kikapu? Niliwauliza hivyo. Trekta likatoka bondeni likatuvuta, tukapakia tena mkungu kwa mkungu.

Tuliposimama Kiroka kupoza injini, mwenye bucha akatoka na aproni yake, akaja moja kwa moja kwa mbuzi, akambana mbavu kwa vidole viwili. "Huyu nakuondolea mzigo, babu." Bi Harusi akampiga kichwa cha goti. Yule Mnyamwezi akaanguka kwenye usukani kwa kucheka. Akasema, "Mtani, huyu si mgonjwa, huyu ni askari."

Msamvu, halafu kule nisikotakiwa kwenda

Lori linaelekea Dodoma, kwa hiyo likanishusha Msamvu, kwenye kelele zile zote za mabasi. Mimi mjini huwa nakwenda sokoni tu na kurudi. Nikamuuliza kijana mmoja mwenye mkaa na mishikaki, "Mwanangu, chuo wanakotibu wanyama ni wapi?"

"Chuo? Mazimbu, mzee, hapo tu." Huku macho yake yako kwenye mapaja ya mbuzi wangu. "Ila mzee, ungeniachia mimi huyo…"

Sikumsubiri amalize. Tukaenda Mazimbu kwa guta, Bi Harusi amesimama nyuma kama mheshimiwa anayepungia wananchi.

Kweli, Mazimbu kuna chuo. Miti mizuri, nyumba zile za zamani za wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wanafunzi wamejaa. Askari wa getini akatutazama.

"Shikamoo babu. Huyu naye amechaguliwa kujiunga?"

Nikamweleza. Akashika kichwa. "Babu, hapa mbuzi hatutibu. Hospitali ya wanyama iko kule kwingine, upande wa mlimani. Umetokea wapi?"

"Matombo, kupitia Bigwa."

"Basi umeipita, babu. Ukiwa unaingia mjini ungekunja kushoto."

Lahaula! Nimeshuka kwenye milima ya Uluguru, nimevuka mji mzima, nimekwenda mpaka upande wa pili, na hospitali iko chini ya milima ile ile niliyotoka! Na yule wa mishikaki hakuwa na haya kusema "hapo tu". Kwa nini mtu asiseme sijui? Neno fupi, halilipiwi ushuru.

Wakati nasikitika, wanafunzi wakajaa. Mmoja akampiga picha Bi Harusi, akabonyeza simu yake, akaisogeza usoni mwangu. "Babu, simu inasema ni fangasi. Inapona kwa limao." Nikamuuliza, simu yako imemshika? Imemnusa? Wenzake wakamzomea. Ndiyo yale yale ya wembe, ila huyu wembe wake unawaka taa.

Yule askari, Mungu ampe kheri, kumbe mama yake ni wa Kinole, basi ni mtu wetu. Akatuchukua kwake. Mke wake akatupikia ugali na mlenda na dagaa, wakanipa mkeka na Bi Harusi wakamfunga chini ya mpapai. Asubuhi wakati wa kuagana, nimeshakunywa chai, nimeshawaombea dua, yule bwana akanishika bega akasema kwa upole kabisa:

"Babu, naona unavyohangaika. Kwa nini usimchinje tu?"

Hata yeye! Hata yeye, na dagaa wake wako tumboni mwangu!

Kwa daktari

Hospitali yenyewe ilikuwa imejaa mbwa wa watu wa mjini wenye majina makubwa kuliko yetu. Tukaitwa. Daktari ni binti, umri wa mjukuu wangu mkubwa, amevaa koti la kijani na buti za mpira. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, nikamfungua Bi Harusi kitambaa, nikasema, "Ugonjwa huu hapa."

Akatazama kidogo. Halafu akaliacha sikio! Akaanza kumpapasa chini ya taya, akashuka shingoni, akaingia mbele ya bega, akashika nyuma kwenye kiwele, akafungua mdomo, akavuta ukope, akaweka mipira masikioni mwake akasikiliza mbavu upande huu na upande huu. Mimi damu inapanda. Nimetoka Matombo!

"Mjukuu wangu, ugonjwa uko sikioni. Huko kwingine hajambo."

"Naona, babu."

"Mbona unashika kila mahali isipokuwa sikio?"

Akaacha kupapasa. "Babu, nguruwe akiingia shambani kwako, unatazama pale alipovunja ua tu?"

"Natazama alikofika."

"Na mimi natazama alikofika."

Nikamwachia mbuzi. Nguruwe nawajua.

Ndipo akanionyesha. Akachukua vidole vyangu, akaviweka chini ya sikio la kushoto, kwenye kona ya taya. Kulikuwa na kitu kama kokwa la zambarau, kinateleza. Akaviweka upande wa kulia: hakuna.

"Hili ni tezi, babu. Hiki kilichoko sikioni nadhani ni saratani ya ngozi. Mbuzi weupe huipata kwa jua, masikio yao hayana rangi ya kuwakinga. Lakini sihukumu kwa macho. Na swali kubwa ni hili tezi. Limevimba kwa sababu ya kidonda tu, au saratani imeshafika hapo? Kama imeshafika, kukata sikio hakutamsaidia."

Mimi nilikaa. Si kwa magoti. Mnajua nilifikiria nini? Nilifikiria lile sufuria dogo la uji jikoni kwetu.

Halafu yeye akauliza, "Kilishawahi kukatwa?"

"Kilikatwa."

"Kile cha kwanza kiko wapi?"

"Kwenye mgomba."

"Mgomba?"

"Nimekifukia, kama inavyotakiwa."

Akaweka kalamu chini. "Babu, kile ndicho kingetuambia mapema. Kinapotolewa hakifukiwi, kinaletwa kusomwa."

Jamani, hapo nilisimama tena. Nikamwambia: "Nani alituambia? Anakuja mtu na begi, anakata, anakwenda zake. Hasemi chukua, hasemi peleka, hasemi kuna mahali panasomwa vinyama! Sisi tunajua kufukia. Mngekuja kutuambia tusifukie, tungekiweka hata kwenye chupa kama achari!"

Nilidhani atanifukuza. Akasema taratibu, "Una haki ya kukasirika, babu. Mimi pia nakasirika. Kila wiki analetwa mnyama aliyekatwa kitu, na kitu chenyewe kimetupwa." Tukawa wawili tumekasirika, na hiyo ilinipoza kidogo.

Akatoa sindano. Akaichoma kwenye lile tezi, na mimi natazama: haina dawa! Tupu! Nikampigia kelele, "Sindano haina kitu hiyo!"

"Hii haiingizi, babu. Hii inachukua."

Ikatoka na kitu kidogo kuliko machozi ya kuku. Akakipakaza kwenye vioo, akachukua na kingine kutoka sikioni, akavitia rangi, akavikausha, akavipeleka kwenye hadubini, ile mashine ya kuchungulia. Akainama hapo. Akasogeza, akainama. Akamwita mwenzake, naye akainama. Mimi nikaenda kuswali adhuhuri chini ya mti pale nje, na wallahi sikumbuki niliswali rakaa ngapi, nikairudia.

Niliporudi akaniita nichungulie. Nikaona vitu vya zambarau kama mayai ya chura, vingine vidogo vimefanana, vya mviringo, vimejipanga vizuri.

"Hivyo ni vya kwenye tezi. Ni askari wa mwili, wamekuja kupigana na kidonda. Saratani sijaiona hapo."

"Alhamdulillahi!"

"Sijaiona, babu. Sisemi haipo. Sindano inachukua kidogo tu. Lakini ni dalili nzuri." Akabadilisha kioo. "Hivi ni vya sikioni."

Hata mimi wa darasa la nne niliona. Vikubwa, vidogo, kimoja kina macho mawili, hakuna kinachofanana na mwenzake, kama watu wanaotoka ngomani wamelewa. "Hivi," akasema, "sivipendi."

Nikamuuliza na habari ya maziwa, ile ya jirani yangu. Akasema saratani hii haimhamii mtu kwa maziwa, hata siku moja. Jirani, kama unasomewa hapa, sogea mbele usikie vizuri: hata siku moja.

Basi sikio likakatwa lote, karibu na kichwa. Walimpiga ganzi, nami nilimshika pembe, ananitazama tu. Alipomaliza kushona, daktari akalichukua sikio akalitumbukiza kwenye chupa yenye maji ya dawa yanayochoma pua.

Nikanyoosha mkono. "Nipe nikafukie."

"Hili linabaki, babu. Linakatwa vipande vyembamba kama karatasi, tunasoma kingo zake, pale kisu kilipopita. Kama kingo ni safi, ugonjwa wote umetoka. Kama si safi, umebaki kwake."

"Na likishasomwa?"

"Linachomwa moto."

"Linachomwa! Sikio la mbuzi wangu lichomwe huko kama taka, mke wangu akiniuliza nitamwambia nini?"

Akaandika namba yake ya simu kwenye mkono wa shati langu, kwa sababu karatasi niliikataa, ningeipoteza njiani. "Mwambie anipigie mimi."

Kurudi

Yule Mnyamwezi nilimkuta Bigwa, anarudi Matombo kupakia. Akazunguka mbuzi mara mbili.

"Mtani, ulishuka na mbuzi mzima, unarudi na robo tatu?"

"Robo nyingine inasoma chuo," nikamwambia. "Ukoo wenu haujafika huko." Akacheka, akatupandisha. Na pale kwenye mteremko wetu lori lilizama tena, ila safari hii Bi Harusi hakuwa na mkosi, maana hakuna aliyemtaja. Barabara ni ile ile.

Nyumbani Mwanahawa akamshika Bi Harusi kichwa, akatazama mshono, akasema, "Sikio liko wapi?" Akawa wa kwanza wenu wote. Daktari alituzuia maziwa mpaka dawa iishe mwilini mwa mbuzi, kwa hiyo mke wangu alikunywa uji mtupu huku anautapika na kunilaumu, na mimi nilivumilia. Kumwingiza kivulini mchana nimeshaanza. Nimemjengea banda la makuti pale kwenye mgomba ule ule.

Halafu simu ikalia. Daktari. Nikampa Mwanahawa azungumze. Akasikiliza, akasema, "Ndiyo mwanangu. Ndiyo." Akaniangalia. "Anasema ilikuwa saratani kweli. Anasema kingo zote safi." Kisha akamwambia daktari, "Na sikio mlilichomaje, mwanangu? Mlisema bismillahi?" Sikusikia alichojibiwa, lakini Mwanahawa aliridhika. Jioni ile nilikamua, akanywa uji wa maziwa, ukakaa.

Idi

Wengine mlikuwapo, lakini mlisimama mbali, na mmesimulia vibaya.

Baada ya swala Shabani akaja kwangu na kisu amekinoa, kanzu mpya, ameleta na mwalimu wa msikiti ili ashuhudie. Hakuwa amenijulia hali tangu nirudi. Akaingia bandani, akamshika Bi Harusi, akamgeuza kichwa. Akasimama.

"Mjomba! Sikio liko wapi?"

"Limekatwa. Ulisema ana kachunusi. Kalikuwa saratani."

"Mimi nilisema…"

"Na kwangu ulisema ni maiti. Haikuwa hivi wala vile. Alikuwa mgonjwa, akatibiwa."

Mwalimu akainama akatazama mahali sikio lilipokuwa. Akamtazama Shabani. "Mnyama aliyekatwa sikio hafai kwa udhhia, Shabani. Hilo nawafundisha hata watoto wa madrasa. Na mgonjwa hafai pia. Na mwenye mbuzi, kwani, aliridhia?"

"Mwenye mbuzi hakuulizwa," nikasema.

Shabani akabaki na kisu mkononi, watu wameanza kujaa, wanasubiri nyama aliyoitangaza mwenyewe msikiti mzima. Mwanahawa akatokea mlangoni na kikombe chake cha uji, akasema kwa sauti yake ndogo: "Si una yule beberu uliyemficha kwa shemeji yako, Shabani? Yule mwekundu?"

Mpwa wangu alitembea kwenda kwa shemeji yake, na sisi sote nyuma yake. Beberu alikuwa mnono, anang'aa. Mimi ndiye niliyemshika. Nikamshika masikio yote mawili, moja huku, moja huku, nikamwambia, "Huyu ametimia, mpwa wangu. Bismillahi."